Bi Pimbi Ampa Kiboko Mto Wote

Mpo?
— Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
— Mawili mawili!
Nikianza mtasinzia?
— Sinzia wewe, sisi tunasikiliza!

Haya. Zamani, wanyama walipokuwa wakilima na watu bado wanaokota matunda ya mwituni, alikuwepo Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: kimo cha sungura, mkia hana, meno mawili ya mbele yanachungulia nje. Huyu alikuwa mkulima. Alilima kunde na maboga kwenye kona moja ya Mto Kirindi. Asubuhi jembe, katwa katwa. Jioni maji, chwaa chwaa. Akivuna anakula, anagawa, anaweka mbegu.

Juu ya mto aliishi Kiboko. Mwaka mmoja Kiboko alihamia pale mto unapopita katikati ya majabali mawili, akajilaza, gubu! Akaziba mwanya wote. Mgongoni kwake maji yakajaa, akapata bwawa la kuogelea. Tumboni kwake hayakupita ila matone, to, to, to. Huku chini kunde zikakunja majani, na samaki wakabaki kwenye madimbwi wakitazamana.

Wakulima walikutana. Nungunungu, jirani wa Bi Pimbi, alikuwa ameshang'oa mihogo yake na kuifunga mzigo. Akawaambia wenzake wahame mapema kabla watoto hawajaishiwa nguvu za kutembea. Bi Pimbi akasema yeye hahami, maboga yake yametoa maua. Wakamtazama. Wakasema, basi, kwa kuwa hahami, aende Barazani akawasemee.

Hivyo ndivyo mkulima alivyopata kiti. Alinawa udongo mikononi, akaenda.

Baraza lilikutana kando ya majabali yale yale, Kiboko akisema huko huko mwanyani alikolala, na liliongozwa na Korongo, mzee wa miguu mirefu. Desturi yake ilikuwa kusikiliza sauti: wanaosema ndiyo wakizidi, jambo limepita, wanaosema la wakizidi, limeanguka. Na sauti ya Kiboko ilizidi sauti zote zikiwekwa pamoja.

Siku ya kwanza Bi Pimbi alisimama akaomba maji kwa ajili ya wakulima.

"Laaa!" akanguruma Kiboko. Jambo likaanguka, puu.

Siku ya pili akaomba nusu ya maji.

"Laaa!" Puu.

Siku ya tatu akaomba maji ya kunywa tu, ya watoto. Kiboko hata hakufumbua macho. "Laaa!" Puu.

Bi Pimbi akarudi nyumbani, moyo mzito. Alipiga magoti shambani akang'oa magugu, maana mikono yake haikuzoea kukaa bure. Akang'oa, akawaza. Akang'oa, akawaza. Akakumbuka kwamba zile siku tatu Kiboko hakuuliza hata mara moja jambo lenyewe ni lipi. Alichosikiliza ni kimoja tu: je, analetewa, au ananyang'anywa? Hapo Bi Pimbi akaacha magugu, akaketi, akacheka peke yake.

Siku ya nne alisimama tena.

"Mheshimiwa Korongo," alisema, "sisi wa chini tumetafakari, tukaona aibu. Mnyama mkubwa kama yule anamiliki mwanya mmoja tu? Naomba Baraza limpe mto wote, tangu chemchemi mpaka ziwani, kona kwa kona."

Wakulima waliokuja kusikiliza wakashika vichwa. Nungunungu miba ikamsimama.

Bi Pimbi akaendelea, kwa sauti ya chini, kwamba kuna kifungu kidogo tu cha heshima: mwenye mto apite kila kona kabla ya jua kuzama, wakazi wapate kumwamkia. Na kona asiyoipita siku hiyo itakuwa mali ya wanaoishi hapo.

"Ndiyooo!" akanguruma Kiboko, hajamaliza hata kusikia. Likapita.

Kesho yake Kiboko alilala mpaka jua la utosini. Akapata habari kwamba kule kwenye kona ya kunde wakazi wameshaanza kupima mipaka, wakisema leo mwenye mto hatapita, na kona asiyoipita ni yao. Akaruka. Kona yake! Akateremka mbio, gudu gudu, gudu gudu. Kona ya kwanza, "Shikamoo, Mwenye Mto." "Marahaba." Kona ya pili, "Shikamoo, Mwenye Mto." "Marahaba." Kona zilikuwa arobaini. Jua lilipozama alikuwa ziwani, ulimi nje, akalala hapo hapo. Asubuhi akaanza kupanda, gudu gudu, akiogopa kupoteza hata kona moja.

Na ule mwanya? Mwanya ulibaki wazi. Maji yakashuka, chururu, chururu, yakaingia kwenye kunde, yakaingia kwenye maboga. Nungunungu alifungua mzigo wake akapanda mihogo upya. Siku ile Bi Pimbi alikaa ukingoni, miguu majini, hakufanya kazi yoyote mpaka jioni.

Alikaa Barazani misimu saba. Alipitisha daraja la magogo na ghala la mbegu, na kila palizi ilipofika aliomba ruhusa akaenda kupalilia. Msimu wa saba aliaga. Kiboko, aliyekuwa amekonda akapendeza, ndiye aliyesimama kutoa shukrani.

"Wengi wamekaa humu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini aliyenipenda ni huyu mmoja."

Baraza zima likapiga makofi. Bi Pimbi akainamisha kichwa kwa adabu, akaziba mdomo kwa mikono miwili, wasije wakayaona meno yake.

Imefika?
— Imefika!
Imetua wapi?
— Masikioni!
Funzo lake, watoto, ni hili: kuweni na tamaa. Kiboko alitamani mto wote, na akaupata wote, bila kupungukiwa hata kona moja.