Tundu la Nyuma ya Nyumba ya Kasuku

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba, wakipika na kuamkiana kama sisi, kiangazi kikali kilishika bonde lote. Visima vikakauka, kikabaki kimoja tu, cha Mzee Tembo, alichokichimba kwa pembe zake mwenyewe.

Tembo hakuwa mchoyo. Alitaka kila nyumba ipelekewe maji kwa haki, na ili agawe kwa haki ilimbidi azijue nyumba zote: nani anaishi wapi, ana watoto wangapi, anatoka wakati gani kutafuta chakula, na akitoka anawaficha wapi wanawe, ili mtungi wao uachwe karibu nao. Hayo yote aliambiwa Kasuku ayaweke kichwani, maana Kasuku akisikia jambo mara moja halimtoki tena. Akajengewa nyumba ya mawe isiyo na dirisha, na mlangoni akasimamishwa Kifaru.

Kumpita Kifaru haikuwa kazi ndogo. Alikuuliza jina, akakuuliza ukoo, akakunusa mbele na nyuma, kisha akakwambia usubiri. Ngiri, waliokuwa wachukuzi wa maji, wakalalamika kwamba wanashinda mlangoni badala ya kugawa maji. Basi Tembo akatoboa tundu kwenye ukuta wa nyuma, akamwagiza Kasuku kwamba sauti itakayoingia kwa tundu lile aijibu upesi, kazi isilale. Maji yakaenda haraka, na kila mtu akamsifu Tembo.

Haukupita muda, mtoto wa Swala akachukuliwa na Chui, mama yake akiwa malishoni. Kisha mtoto wa Pongo. Watu wakasema ni bahati mbaya, kiangazi kina mengi.

Mama Digidigi hakuridhika na maneno hayo. Alikuwa mdogo kuliko wote wenye kwato pale bondeni, na alikuwa na binti mmoja tu, Chiku. Tangu msiba wa Swala hakutulia. Akila, masikio yanacheza. Akilala, macho yako wazi. Alimhamisha Chiku kutoka kichaka hiki hadi kile, na kila akihama ilimbidi aende akamwarifu Kasuku, kwa sababu asiyearifu hapelekewi maji.

Kwenye matanga ya mtoto wa Pongo, wenzake walikaa wakilia. Yeye akainuka akazunguka kichaka, pua chini. Nyayo za Chui zilishuka kutoka mlimani moja kwa moja hadi pale mtoto alipokuwa amelala. Hazikupinda, hazikusimama, hazikurudi nyuma. Akakumbuka kwamba hata kwa Swala zilikuwa vile vile. Mwenye njaa hutafuta, akawaza, lakini huyu hakutafuta. Huyu aliambiwa.

Mbio, kwata kwata kwata, hadi kwa Kifaru. Kifaru akaapa kwamba Chui hajawahi kukanyaga mlangoni pake, na alikuwa anasema kweli. Digidigi akamshukuru, akazunguka nyumba. Nyuma, chini ya ukuta, akaliona tundu. Pembeni mwake, kwenye vumbi, palikuwa na alama ya kiwiko cha mtu aliyelala kifudifudi akisikiliza. Ngiri hana kiwiko kipana vile.

Akaweka mdomo tunduni.

"Kasuku, Nyumbu anamficha wapi mwanawe?"

"Kwenye majani marefu kaskazini ya mwamba mwekundu," sauti ikajibu papo hapo. "Mama hutoka jua likichomoza, hurudi jua likiwa utosini. Jingine?"

"Mbona hukuniuliza mimi ni nani?"

Kasuku akashangaa kama aliyeulizwa jambo geni.

"Anayeuliza jina ni Kifaru," akasema. "Mimi nimeambiwa nijibu."

Digidigi akaenda kwa Tembo, akampa shikamoo, akamweleza yote. Tembo alimsikiliza kwa upole, kama mtu mzima anavyomsikiliza mtoto aliyeota ndoto mbaya. Alisema ukuta ni wa mawe, mlinzi ni Kifaru, na tundu lile halijulikani ila na Ngiri. Tena akiliziba, nyumba za mbali zitakufa kiu.

"Bibi, kalale," akamwambia. "Hofu imekuzidi."

Digidigi akatoka ameinamisha kichwa. Asubuhi ile ile alikuwa amemwarifu Kasuku mahali alipo Chiku. Akakimbia hadi akahisi mapafu yanataka kupasuka. Akamkuta mtoto amelala salama, akamwamsha, akamwambia amfuate bila kuuliza. Lakini ampeleke wapi? Kila mahali watakapokwenda atatakiwa aseme. Akisema, Chui atasikia. Asiposema, hapati maji. Alisimama na Chiku kando yake, akigeuka huku na huku, mpaka wazo likamjia: ikiwa tundu lile halimuulizi mtu anapochukua habari, je, litamuuliza anapotia?

Akarudi.

"Kasuku, Digidigi amehama. Mwanawe sasa analala kwenye kile kichaka cha miiba juu ya bonde la kisima, upande wa kivuli. Mama yake hutoka jua likiwa utosini."

"Nimeshika," Kasuku akasema. Hakuuliza anayesema ni nani.

Sasa, kichaka kile kilikuwa kizito, huoni ndani hata ukichungulia. Na aliyekuwa akilala humo kila adhuhuri, ubavu wake juu ya udongo baridi, alikuwa Mzee Tembo mwenyewe.

Digidigi na Chiku wakajibanza kwenye mwanya wa mwamba ulioelekea kichaka. Adhuhuri ya kwanza Chui hakuja. Digidigi akajilaumu: labda ameshakwenda kwa Nyumbu, labda mtoto wa mtu anakufa wakati yeye anasubiri. Alimtuma Ngiri mmoja amwonye Nyumbu, lakini hakupata raha. Chiku akaomba maji, na maji hayakuwapo, kwa kuwa mtungi wao Ngiri walikuwa wameuacha kule kwenye kichaka cha miiba, walikoelekezwa na Kasuku.

Adhuhuri ya pili, kitu cha manjano kikashuka mlimani. Moja kwa moja. Hakikupinda wala kusimama. Chui alifika kichakani, akajikunja, akaruka ndani bila kuchungulia, kwa sababu majibu ya Kasuku hayakuwahi kumwangusha.

Makucha yake yakazama kwenye sikio la Tembo.

Bonde zima lilisikia mlio ule. Mkonga ukamzoa Chui hewani, ukamzungusha, ukamtupa. Pu! Akaanguka kwenye mawe, akainuka akichechemea, akatoweka kuelekea mlimani huku mguu mmoja ukining'inia.

Tembo alitoka kichakani damu ikimchuruzika, akiuliza kwa hasira ni nani aliyemwonyesha Chui mahali pake pa kulala. Digidigi akatoka mwambani. Akasogea hadi chini ya mkonga.

"Ni mimi, Mzee," akasema. "Nilimwambia Kasuku kwamba mwanangu analala hapo, naye hakuniuliza mimi ni nani. Chui akaja kuuliza, naye hakuulizwa yeye ni nani. Kifaru hajalala hata mara moja. Tundu ulilitoboa wewe."

Tembo angeweza kumkanyaga. Badala yake alikwenda hadi nyuma ya nyumba ya mawe, akalitazama lile tundu kana kwamba analiona mara ya kwanza.

Hakuliziba, maana nyumba za mbali zilihitaji maji. Ila kila Ngiri akapewa namna yake ya kubisha, aijuayo yeye na Kasuku tu, nayo ikawa inabadilishwa kila mwezi mpya. Kasuku akaagizwa asimjibu Ngiri yeyote ila habari za nyumba anazozipelekea maji, na zile tu za mtungi. Mambo ya wapi watoto wanalala, Kasuku akayafungia kifuani, na mitungi ikawa inaachwa mlangoni.

Kisha Tembo akaenda kwa Swala, na kwa Pongo, peke yake, kwa miguu, kidonda cha sikio kikiwa bado kibichi. Akakaa chini mlangoni pao. Swala hakumkaribisha ndani, na Tembo hakuomba kukaribishwa.

Hivyo ndivyo yalivyokuwa, wanangu, nami sijatia chumvi: anayetunza siri za watu hana budi kumjua kila anayemuuliza.