Msondo Uliolishwa Mbegu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mashamba na majiko yao, paliondokea Nyati na mkewe. Nyati alipenda ngoma. Sisemi ngoma ni dhambi, watoto wangu; hata mimi nikiisikia miguu hainitulii. Lakini Nyati alipenda kupita kiasi. Kila fundi Nungunungu alipowamba ngoma mpya, Nyati aliinunua kwa mtama wa nyumbani.

"Baba watoto," mkewe alimsihi, "hizi zilizopo hazitoshi?"

"Mama watoto, mcheza kwao hutunzwa!" Ndu! Ndu! Akaendelea kupiga.

Mwaka uliopita alitoa hata mbegu. Wakapanda za kuomba, tena kwa kuchelewa, na ndama wao mdogo akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Sasa masuke ya mbegu yalining'inia juu ya meko, meusi kwa moshi, na Nyati alikuwa ameanza kuyatupia jicho. Mkewe aliogopa. Angeyaficha wapi katika nyumba ya mwenye nguvu kama yule? Akaenda kwa jirani yao Kindi, akalia.

"Nyamaza, dada yangu," Kindi alisema. "Mumeo hatusikii sisi. Anaisikia ngoma." Akamnong'oneza shauri lake.

Kesho yake Kindi alimkuta Nyati akipiga msondo, ile ngoma yake ndefu kuliko zote. Akakunja uso, akaziba masikio.

"Ala! Una nini wewe?"

"Samahani, Bwana Nyati. Msondo wako una njaa. Husikii unavyolia kwa shida?"

"Njaa? Kwani ngoma hula?"

"Loo! Mpenzi wa ngoma kama wewe hujui? Mafundi wa kale walizishindilia mbegu za mtama tumboni. Si mtama wa kula, huo umekufa. Mbegu, zenye uhai ndani! Unaupindua msondo, unaujaza, unauziba kwa udongo, unangoja mvua ya kwanza. Ukifungua mapema, sauti inakimbia, hairudi tena."

Nyati mbio mpaka jikoni. Akayapura masuke yote kwa mikono yake mwenyewe, akaulisha msondo, akauziba.

Jua lilipokuwa kali, Nungunungu akaja na ngoma mpya, ngozi imewambwa ikawambika. "Nipe mbegu zako, uichukue."

Nyati aliikodolea macho ngoma ile, kisha akautazama msondo wake. Mate yakamtoka. "La, fundi. Nikifungua, sauti itakimbia."

Mkewe alisikia yote, na moyo ukamuuma. Watoto hawakuweza kumzuia mumewe. Ngoma ndiyo iliyomzuia.

Hatimaye radi ikapiga, mvua ikashuka, chwaaa! Nyati akaubomoa udongo, akaupindua msondo barazani, na mbegu zikamwagika juu ya mkeka, mwaaa! Mkewe na watoto wakazizoa kwa vibuyu, hao, shambani. Nyati hakuwatazama. Akausimamisha msondo, akapiga. Ndu! Ndu!

"Mbona sauti ni ileile?"

"Ni ileile," Kindi alijibu kutoka juu ya mti. "Nilikudanganya."

Nyati akaupiga mti kwa pembe, gu! gu! mpaka majani yakapukutika. Alipochoka akageuka, akamwona mkewe kwenye matope, jembe mkononi, ndama mdogo akifukia mbegu nyuma yake.

"Mama watoto, nawe ulijua? Kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

"Nilikuambia," mkewe akasema bila kuinua kichwa. "Ulikuwa unapiga ngoma."

Nyati alisimama mvuani, aibu imemjaa. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe.

Nami namwacha hapo shambani, watoto wangu: penda ngoma upendavyo, lakini weka mbegu kwanza.