Mwanakombo Ahama kwa Mbaruku

Mwanakombo wa Tanga alipofungua tovuti ya kuuzia kofia, aliiweka kwa Bwana Mbaruku, mwenye kampuni ya kuhifadhi tovuti, kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo. Wateja walipoongezeka, Mbaruku akapandisha bei mara tatu.

"Basi nipe vitu vyangu nihame."

"Kwangu watu huingia, mama. Hawatoki."

"Haya, baba. Nitakaa."

Kesho yake tovuti ya kofia ilifunguka ikiwa na tangazo kubwa lililomsifu Shekiondo, mshindani wa Mbaruku, kuwa ndiye bingwa wa kuhifadhi tovuti mjini.

Mbaruku akapiga simu akifoka. "Ondoa tangazo hilo."

"Siondoi. Mwezi huu nimeshalipia."

"Basi chukua kila kilicho chako uondoke leo hii, usibakishe hata picha moja."

"Sasa mimi nitakwenda wapi, baba?" alilalamika Mwanakombo.

Shekiondo alikuwa ameshamwandalia nafasi, bure kwa mwaka mzima.