Kofi la Bruda Goberi

"Hati huliwa na panya, kofi haliliwi." Vijana wa kwaya walipomsikia Bibi Skolastika, aliyewapikia watawa miaka thelathini, akiitupa methali hiyo, walitaka kujua imetoka wapi. Akafuta mikono, akawaambia chanzo chake.

Zamani sana huko Ufaransa palikuwa na nyumba ndogo ya watawa: watawa wanane na punda mmoja. Chakula chao chote kilitoka katika bonde walilopewa na tajiri mmoja. Siku ya kupewa, hati iliandikwa. Lakini watu wa huko walikuwa na desturi yao: mtoto husimamishwa mpakani, akachapwa kofi la ghafla, ili hata akizeeka akumbuke mpaka ulipopita. Aliyechaguliwa ni Perreta, binti wa dobi, mwenye miaka saba. Mchapaji alikuwa Bruda Goberi, kijana mwenye mkono mzito na bidii iliyopita kiasi. Perreta aliona nyota mchana kweupe.

Miaka hamsini ikapita. Goberi akawa mtunza hati, na kwa vile alikuwa mlafi wa jibini, alificha kipande ndani ya sanduku la hati. Kisha mjukuu wa yule tajiri akaja kulidai bonde. Goberi alipofungua sanduku, jibini hakuna, hati hakuna, ila panya wanene. Alijuta mpaka akalia. Bila bonde watawa wangetawanyika, na yeye hakuwa na kwao kwingine.

Ikambidi aende kwa Perreta, ambaye yeye Goberi kwa miaka yote hiyo alikuwa akimkwepa njiani.

"Hodi!"

"Karibu, Bruda. Leo umeniletea kofi la shavu la pili?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na msaada pia."

"Kipi kwanza?"

"Radhi. Ningekuja zamani, niliona haya."

Perreta akachukua mtandio wake. "Haya, twende."

Mbele ya mwamuzi aliyeitwa kukata kesi hiyo, Perreta alitembea bondeni bila kusitasita, akasimama penye magugu. "Ni hapa. Kijito kilikuwa kushoto kwangu, na nyuma yangu jiwe la mpaka wa watawa, lenye msalaba."

"Kikongwe huyu atakumbukaje mambo ya miaka hamsini?" akafoka mjukuu wa tajiri.

"Bwana mdogo, wewe hujachapwa na Goberi."

Watu wakaangua kicheko. Magugu yakafyekwa, na jiwe likaonekana, msalaba wake juu. Bonde likabaki kwa watawa.

Hati mpya ikaandikwa palepale. "Na shahidi mpya?" akauliza mwamuzi. "Nani atachapwa?" Akina mama wakawavuta watoto wao nyuma. Goberi akatoka mbele, akatoa shavu.

"Wewe mzee utakumbuka miaka mingapi?"

"Yote niliyobakiza. Lakini anichape Perreta."

Perreta akakunja mkono wa gauni. Mikono ya kufua haina mchezo: Goberi alipepesuka, akakaa chini kwenye majani, naye Perreta akamnyanyua huku wote wawili wakicheka hadi machozi.

Tangu siku ile Goberi alikula jibini lake mezani. Na kila alipoulizwa kama hati mpya iko salama, alipapasa shavu lake akitabasamu, akajibu: "Hati huliwa na panya, kofi haliliwi."