Nani Aondoke na Bibi

"Haya, semeni. Bibi ni wa nani?"

Bwana Kajiru aliuliza hivyo akiwa ameegemea lango la gereji yake pale Same, anachokonoa meno kwa njiti, huku winchi ya mnunuzi wa chuma chakavu ikinguruma nyuma yake. Watu watatu walisimama mbele yake. Hakuna aliyejibu. Basi tegeni sikio mjue kwa nini walinyamaza, maana swali lile bado liko njiani, na linakuja kwenu.

Bibi hakuwa mtu. Lilikuwa gari la mashindano, toleo la zamani, rangi imebabuka, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba. Walimwita Bibi kwa sababu alikuwa mkali na hakumbembeleza yeyote. Na waliomjua Bibi vilivyo walikuwa watatu tu.

Senkondo, fundi, alikuwa na sikio. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Valvu ya mwisho huko inalalamika." Mkifungua, mnakuta kweli inalalamika.

Kiangi, dereva, alikuwa na mikono. Usukani wa Bibi haukuwa na msaada wowote. Ukikanyaga jiwe, ulirudisha teke kama punda. Madereva wengine walishuka mabega yakitetemeka. Kiangi aliushika kama mtu anayemshika mtoto anayejifunza kutembea.

Nakijwa, msoma njia, alikuwa na kichwa. Alizaliwa huko juu milimani Upare, na njia akiipita mara moja haikumtoka tena. Alikaa kushoto kwa Kiangi, akataja kona kabla haijaonekana: kulia kali, kaba, kushoto ndefu, achia. Wakishinda, watu walimbeba Kiangi mabegani. Nakijwa aliambiwa ana mdomo mzuri. Yeye alitaka kitu kimoja tangu siku aliyoingia gereji ile: aushike usukani wa Bibi kwa mikono yake mwenyewe. Alipomwomba Kajiru, Kajiru alicheka mpaka akakohoa. "Binti, wewe ni mdomo wa gari. Umeona wapi mdomo ukaendesha?"

Kisha likaja toleo jipya.

Lilikuwa gari lile lile kwa jina, lakini waliolitengeneza walikuwa wamelisuka upya. Limeshushwa mpaka tumbo linakaribia kulamba ardhi, limepanuliwa mabega, linang'aa kama kucha iliyopakwa rangi. Vijana wa mtaani walilipa jina papo hapo: Bibi Harusi. Kajiru alikuwa amepewa uwakala wa kuyauza, na siku ile alilizunguka akilipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mnaona? Injini ikiumwa, lenyewe linasikia. Tairi ikiteleza, lenyewe linapunguza nguvu na kushika breki. Njia linaijua, tena linakutajia kwa sauti nzuri kuliko ya huyu." Akamwelekezea Nakijwa njiti. "Sikio lipo. Mikono ipo. Mdomo upo. Sasa ninyi niwafanyie nini?"

Nakijwa alipakiwa ndani akapelekwa mpaka kwenye lami na kurudishwa. Alitafuta kasoro kwa hasira zote, asiipate. Tusimsingizie Bibi Harusi: lilimzidi Bibi kwa mbio, lilisimama upesi kuliko Bibi, na kwenye kona halikutikisa hata mkia. Bibi ukimkosea angekuua. Hili lilirekebisha kosa lako kabla hujajua kwamba umekosa. Na hapo ndipo palipomchoma Nakijwa. Ukishuka, hujui kama umeendesha au umebebwa.

"Ni zuri," aliwaambia wenzake.

"Umeshahongwa?" Kiangi akamdaka.

"Nimesema ni zuri. Sijasema linanijua."

Kajiru akawaita wateja wake waje waone kwa macho. Mashindano yatakuwa ya kupanda mlima, kutoka bondeni mpaka sokoni juu, njia ya vumbi na makorongo.

"Bibi Harusi nitaliendesha mimi," alisema. "Ninyi mtapanda na Bibi wenu. Mkinishinda, mmoja wenu ataondoka naye, awe mali yake. Mkishindwa, Bibi anakwenda kwenye chuma chakavu, na ninyi mnakwenda kwenu."

Senkondo alimwuliza, "Mmoja, bosi?"

"Mmoja. Gari lina ufunguo mmoja."

Wakakubali. Walisikia "mkinishinda" kwa masikio mawili. Neno "mmoja" wakaliacha lipite kama upepo.

Asubuhi ya mashindano, Kajiru aliamka na roho yake ile ile. Walikuwa wamepatana kwamba bendera itapepea ukungu ukishainuka. Yeye akaamuru ipepee ukungu ukiwa bado umelalia njia. Bibi alikuwa ametoka kupashwa moto, na Senkondo alipoweka bisibisi yake sikioni akasikia kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia: mluzi mwembamba, kama wa mtu anayevuta pumzi kwa jino bovu. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka.

"Bosi, tungoje ipoe kidogo."

"Bendera haingojei wagonjwa."

Senkondo alijua, kama kila fundi anavyojua, kwamba rejeta ya moto haifunguliwi. Akaifungua. Maji yanayochemka yaliruka yakampiga shavuni na kumwingia sikioni, sikio lile la bisibisi. Alifunga mpira kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akajaza maji, akashusha boneti na kulipiga kofi. "Nendeni!" Ngozi ya shavu ilikuwa imeshaanza kuning'inia. Mpaka leo sikio lile linasikia mvumo tu, kama pango.

Kiangi naye. Bibi Harusi lilikuwa limetangulia, taa zake nyekundu zinameza ukungu mbele kisha zinamezwa. Kiangi alimkimbiza Bibi kwenye makorongo kwa mwendo ambao hata yeye hakuwahi kuuthubutu. Katikati ya mlima tairi ya mbele ilikanyaga jiwe. Usukani ukarudisha teke, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa ndani ya duara. Nakijwa alisikia mfupa ukilia kama kuni kavu.

"Kiangi!"

"Taja kona."

"Mkono wako..."

"Nakijwa, taja kona!"

Akazitaja. Kila Kiangi alipopeleka mkono wa kushoto kwenye gia, aliusukuma usukani kwa goti na kwa mkono ule uliovunjika, jasho linamtiririka, anauma mdomo mpaka damu. Gumba lile halikukunjika tena. Kikombe cha chai siku hizi anakishika kwa mikono miwili, kama mtoto.

Na Nakijwa? Nakijwa alikuwa na kona ya mwisho.

Jana yake alipanda mlimani kwa miguu kuipitia njia, akakuta pembe la msaragambo limeshalia. Kwa Wapare pembe likilia, kila nyumba inatoa mtu wa kazi, awe mwenye nacho au asiye nacho. Siku ile walikuwa wakifukia korongo lililokula upande wa ndani wa kona iliyo chini ya soko. Mama yake Nakijwa alikuwapo na jembe lake. Nakijwa akavua viatu, akabeba udongo pamoja naye mpaka kazi ikaisha. Kajiru, aliyekuwa amewaleta wateja wake walale huko juu, alipelekewa habari atoe walau mtu mmoja. Akajibu, "Mimi silimi barabara. Mimi napita." Basi hakuna aliyejisumbua kumwambia kwamba udongo ule haujashindiliwa. Kwa macho ilikuwa barabara safi, imesawazishwa kama kitanda cha mgeni. Ukiukanyaga, unazama.

Kwa hiyo upande wa ndani ulikuwa mtego. Upande wa nje, usawa wa njia, lilikuwa shamba la tangawizi lililokaribia kuvunwa. Njia nyingine haikuwapo.

"Kushoto kali inakuja," Nakijwa alisema. Kisha sauti ikampanda. "Usiingie ndani! Toka kulia! Ingia shambani!"

"Shamba la nani?"

"La mama. Kanyaga!"

Bibi akaruka tuta akaingia. Harufu ya tangawizi iliyopondwa ilijaa ndani ya gari mpaka macho yakawatoka machozi. Upande wa pili, kupitia ukungu, Nakijwa aliliona Bibi Harusi limelala na tumbo lake juu ya udongo mbichi. Kajiru alikanyaga mafuta, na gari, kwa adabu zake zote, lilihisi tairi zinateleza likapunguza nguvu. Akakanyaga tena. Likapunguza tena. Sauti nzuri ikamwambia aendelee mbele.

Wanakijiji walilisukuma, likatoka bila hata mkwaruzo. Lilifika sokoni Bibi akiwa ndiyo kwanza anazimwa. Kiasi hicho tu. Rejeta ingengojewa ipoe, wangeshindwa. Kiangi angepunguza mwendo kwa maumivu, wangeshindwa. Nakijwa angemhurumia mama yake, wangeshindwa.

Waliposhuka, mama alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shamba. Alimpita Kiangi. Alimtazama binti yake.

"Jana tumeshika jembe pamoja, mwanangu. Kumbe ulikuwa unapima njia?"

"Mama, nitakueleza..."

"Usije kulala kwangu."

Akaingia nyumbani mwake. Komeo likasikika mpaka barabarani.

Sasa mnarudi langoni mwa gereji, kwa Kajiru na njiti yake. Mnadhani alinuna? Alikuwa anatabasamu. Wateja walikuwa wameyataka magari yake vile vile, maana udongo si kosa la gari.

"Mimi ni mtu wa neno langu," alisema. "Nilisema mmoja. Mkikubaliana ni nani, achukue. Msipokubaliana, huyu bwana amekuja na winchi." Akautupa ufunguo mavumbini katikati yao. "Haya, semeni. Bibi ni wa nani?"

Kimya. Kisha Senkondo akageuza kichwa, akaweka mbele upande wenye bandeji.

"Bila mimi, Bibi asingevuka hata bendera. Nimetoa sikio. Fundi asiye na sikio ni mwosha spana."

"Sikio unalo jingine," Kiangi alisema. "Mkono wa kulia una mwenzake wa kulia? Gari zima lisilo na dereva ni banda la kuku, Kaka Senkondo. Mimi ndiye niliyempandisha."

"Ungempandisha mpaka kwenye udongo," Nakijwa alisema. "Na injini yake nzima, na mikono yako. Mngezama mkitazamana na bosi."

Kiangi akamgeukia polepole. "Wewe umetoa nini? Tangawizi? Na wala haikuwa yako. Sisi tumetoa vya kwetu. Wewe umetoa cha mama yako."

Nakijwa alifungua mdomo, ule mdomo mzuri. Senkondo akamwahi.

"Tena alijua tangu jana," Senkondo akasema, kwa sauti ya chini iliyomkata zaidi kuliko kelele. "Kwa nini hukutuambia tukiwa bondeni, mdogo wangu? Tungejua kwamba kona ile itamngojea bosi. Labda nisingefungua rejeta. Labda huyu asingevunjika."

"Sikujua kama atapita ndani!"

"Lakini ulijua udongo."

"Na ningesema, mngeniambia nini? Mdomo wa gari umeanza. Si ndivyo mnavyoniita? Nilingoja pale ambapo ni lazima mnisikie." Akapiga hatua mbele, maneno yakamtoka bila kuchaguliwa. "Haya, tuseme ukweli wote. Sikio lile halitasikia injini tena. Gumba lile halitashika usukani tena. Bibi mtamfanyia nini, mfugie kuku? Ndani ya lango hili, anayeweza kumwendesha ni mmoja. Ni mimi."

"Kwa hiyo aliyeumia ndiye akose?" Kiangi aliuliza.

"Na mimi sijaumia? Leo nalala wapi?"

Kajiru akapiga makofi. "Safi sana! Endeleeni. Au nimkate vipande vitatu, kila mtu aende na chake?"

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeinama kuuokota ufunguo, kwa sababu kila mmoja aliwaona wale wawili wangemtazama vipi akiuokota. Kajiru akatikisa kidevu. Mtu wa winchi akaja na mnyororo, akapitisha ndoano kwenye mlango wa kushoto, mlango wa Nakijwa. Kamba ikakatika.

Na hapo ndipo wanapowangoja ninyi. Msimwulize Kajiru, yeye ameshakula na ameshashiba. Msiseme auzwe wagawane, maana mnunuzi ni huyu huyu mwenye mnyororo. Msiseme wote watatu wanastahili. Hilo hata Kajiru analijua, ndiyo sababu anatabasamu. Yupo aliyetoa sikio, bila yeye wasingeanza. Yupo aliyetoa mkono, bila yeye wasingefika. Yupo aliyetoa nyumba ya mama yake, na akanyamaza pale aliponyamaza, na bila yeye wasingeshinda.

Je, wewe ungeamua vipi? Mnyororo umeshakaza. Nakuomba kitu kimoja tu: taja jina moja.