Shingo ya Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Mnaitikia kama hamjala. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika nchi ya Mfalme Simba, kila jambo lilikuwa na siku yake. Siku ya mavuno, siku ya mvua, hata siku ya mkia wa mfalme! Siku ya kuwakumbuka waliotekwa wakauzwa utumwani haikuwapo.

Bi Kanga alikuwa wa mwisho kati ya waliorudi. Yeye pekee aliyajua majina ya wenzake waliofia njiani, na sasa uzee ulimlemea. Alijua akifa, majina yanakufa naye. Akaenda barazani.

"Mfalme wangu, nipe siku moja tu, tuwataje."

Bwana Fisi, mshauri wa mfalme, akadakia, maana babu yake ndiye aliyewauza. "Yaliyopita si ndwele, bibi! Ushahidi uko wapi?"

Siku ya kwanza Bi Kanga akaleta mnyororo.

"Huo wa kufungia ghala!" Fisi akacheka.

Siku ya pili akaleta kongwa, ule mti wenye panda waliovishwa watumwa shingoni.

"Hizo kuni!" Fisi akacheka tena.

Siku ya tatu akaja mabawa matupu. Akainua kichwa, na shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja.

"Kongwa lilikaa hapa. Sasa kila mmoja apapase shingo ya jirani yake."

Wakapapasana. Lahaula! Punda, kovu. Swala, kovu. Twiga na urefu wake wote, kovu! Walirithi kwa mama zao bila kuambiwa. Baraza zima likaogopa.

Mfalme akashuka kitini, akafunua manyoya ya shingoni. Kovu lilikuwapo, limezunguka shingo nzima.

"Mama alinikataza kuyanyoa," akasema huku akilia. "Hakuniambia kwa nini. Bi Kanga, anza kutaja."

Akataja tangu asubuhi hadi jioni, wote wamepiga magoti. Fisi akainamisha kiuno kwa aibu, na hadi leo hakijanyooka.

Siku ile ikawa ya nchi nzima, kila mwaka. Bi Kanga alipokufa, majina hayakufa. Wasikilizeni kanga porini, wanaita hawachoki.

Wanangu, kovu ukilifunika kwa manyoya haliponi. Litaje.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.