Mjomba Aliyezaliwa Tumbo Moja na Baba

Paukwa! Itikeni pakawa, kisha mtege masikio, maana zimwi la leo lilivaa kanzu na kofia ya viua.

Siku ya kwanza lilisimama langoni pa shule likamwita Tunu: "Mwanangu, mimi mjomba wako, nimekuja kukuchukua." Tunu akaingia zake darasani. Siku ya pili likaja na kashata. Tunu hakuzipokea, ingawa mate yalimjaa. Siku ya tatu likanong'ona, "Mama yako mgonjwa, amenituma. Twende, mwalimu asijue."

Tunu akajiuliza: Je, kama mama anaumwa kweli? Lakini Mwalimu Barke aliwafunza: ukiambiwa mwalimu asijue, mwalimu ndiye wa kwanza kujua. Kwanza akauliza, "Shikamoo, mjomba. Wewe na baba mlizaliwa tumbo moja?"

"Tumbo moja, titi moja!" likajibu zimwi.

Lo! Mjomba si ndugu wa mama?

"Mwalimuuu!" Tunu akapiga ukelele. Zimwi likashtuka, kofia ikaanguka, na kisogoni ukaonekana mdomo wa pili, tayari unatafuna. Likageuka moshi, likapotea.

Hadithi yangu imefika mlangoni penu, wanangu. Ikibisha, iulizeni ni nani. Ndugu wa kweli haudhiki akiulizwa.